Ndimu ya Wote

Kwenye vibanda vya supu vya Sumbawanga, ndimu ni daktari, mfamasia na bwana afya. Supu ina mafuta mengi? Kamulia ndimu. Baridi ya Julai imekuletea mafua? Ndimu. Kijiko unakitilia shaka? Kipanguse na ndimu, endelea kula. "Ndimu inaua kila kitu," utaambiwa, na mjadala umefungwa. Nani anaviua vilivyojibanza kwenye ganda la ndimu yenyewe, hilo huulizi mbele za watu.

Maana kisosi cha ndimu hakina mwenyewe. Kina chumvi iliyolowa, pilipili mbuzi iliyotobolewa kwa kijiko, na vipande vitatu vya ndimu, kimoja kimekamuliwa mpaka kimejikunja kama sikio la mbuzi. Hicho nacho bado hakijastaafu. Dereva wa bodaboda aliyetoka Matai, oili ingali kwenye kucha, anakiminya. Muuza nyama anakiminya. Karani aliyewapa mkono wote wawili anakiminya, hakitoi kitu, anakirudisha na kuita: "Dada, sogeza ndimu kwa mzee!"

Mwaka 2007, Wamarekani wawili, Anne LaGrange Loving na John Perz, walichapisha utafiti ambao wengi tungeuomba kwa barua ya maombi ya kazi: kuingia migahawani New Jersey na kuagiza vinywaji. Kabla ya kuonja, walipima vipande vya limao vilivyoletwa kwenye glasi. Katika vipande 76 kutoka migahawa 21, vipande 53 viliotesha vijidudu, aina 25 kwa jumla. Hawakusema kuna aliyeugua. Ila huko New Jersey ndimu hailetwi kwenye kisosi cha ujamaa.

Nisiionee ndimu, maji yake yana nguvu kweli. Miaka ya 1990 kipindupindu kilipoikumba Guinea-Bissau, watafiti waliona kwamba waliotia ndimu kwenye mchuzi wa wali walikuwa na kinga fulani, kwa sababu kijidudu kile hakivumilii ukali. Lakini wale walitia ya kutosha. Sisi tunadondosha matone matatu kwenye glasi nzima na kutegemea muujiza, huku ganda lenye alama za vidole likielea humohumo.

Kwenye supu angalau nina amani. Huku juu, kwenye mita 1,800 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, si 100, lakini hata hizo bakteria wengi hawaziwezi. Hofu yangu ni kinywaji baridi. Jioni moja, kwenye hoteli ambayo sitaitaja, mhudumu alilamba kidole gumba, akahesabu chenji ya meza ya jirani noti kwa noti, kisha kwa vidole hivyohivyo akachagua kipande cha ndimu na kukipachika ukingoni mwa glasi yangu ya soda. Kwa upendo kabisa.

"Samahani dada, mimi naomba bila ndimu."

"Hamna shida, kaka."

Akakichomoa kwa vidole vilevile, akakipachika kwenye glasi ya jirani, ambaye alishukuru sana kwa kupendelewa.

Ndipo nikaanza kutembea na ndimu yangu mfukoni, nimeiosha mwenyewe kwa maji yanayotiririka, pamoja na kisu kidogo. Asubuhi moja ya Januari, bakuli la makongoro likiwa mbele yangu, nikaipasua. Harufu ikaenea benchi zima. Mzee aliyekaa pembeni yangu, koti limefungwa mpaka shingoni, akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndimu yako hiyo inanukia kweli. Hebu tusaidie."

Nikampa. Akaiminya kwa vidole vyote vitano, akamsogezea wa pili, wa pili akamsogezea wa tatu. Iliponirudia ilikuwa inang'aa mafuta, na uzi wa nyama umenasa kwenye ganda. Benchi zima likanitazama kuona kama nina maringo. Nikaikamulia bakulini, nikashukuru, nikanywa. Nje mawingu yalikuwa yameshuka na ngurumo zimeanza, na mzee wa Sumbawanga humnyimi ndimu kisha ukatoka kutembea kwenye mvua.