Mkichukua Ada ni Gari, Mkija Kulivuta ni Lori

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Uokoaji wa Magari Barabarani (jina nalihifadhi, mwenyewe unalijua),
Uingereza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SHUKRANI ZA MTEJA ASIYEJUA KAMA ANAMILIKI GARI AU LORI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania mkazi wa Leicester, mmiliki wa gari-nyumba dogo. Kwa nje ni Fiat Ducato, ndugu yake yule anayesambaza vifurushi mitaani kwenu. Kwa ndani lina vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, na choo ambacho adabu yanizuia kukieleza. Nilitaka bima ya kuniokoa likiharibika njiani, nikaangukia mikononi mwako. Nakuandikia hadharani kwa sababu wema wa namna hii si vizuri kuuficha.

Kwanza nakupongeza kwa wepesi. Fomu yenu iliniuliza namba ya usajili na namba ya kadi ya benki, na bei ikatokea kabla chai yangu haijapoa. Juu ya ukurasa palikuwa na picha ya gari-nyumba limeegeshwa ufukweni, familia inacheka, mbwa naye anacheka. Hakuna aliyeuliza gari langu lina uzito gani, urefu gani, wala kimo gani. Nikasema moyoni: hawa ni watu wakarimu, wanapokea mgeni bila kumpima.

Kumbe kipimo kilikuwa kinaningoja barabarani. Gari lilipozima kwenye barabara kuu ya M6, tukatoka kwa milango ya kushoto, tukasimama nyuma ya kizuizi cha chuma kama sheria zenu zinavyoagiza, nikapiga simu.

"Gari lako lina kimo gani?" akauliza binti wa kituo chenu, kwa sauti tamu.

"Mlipochukua ada hamkuuliza."

"Ndiyo, bwana. Tunauliza sasa."

Likaja gari la kuvuta lililotosha kubeba gari la harusi. Dereva akalizunguka langu kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, akatikisa kichwa, akaondoka kwenda kuomba lori kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoielewa falsafa ya kampuni yako: mkichukua ada, hili ni gari; mkija kulivuta, ni lori.

Niliporudi nyumbani nilifanya lile ambalo tangazo lenu halikunishauri: nikasoma mkataba. Nikakuta kwamba ninyi, kama wenzenu wengi katika biashara hii, hukomea tani 3.5. Na uzito unaohesabiwa ni ule wa juu kabisa ulioidhinishwa kwenye kibati cha gari. Urefu na upana navyo vina mpaka wake. Sina ugomvi na mipaka. Hata daraja lina uzito wake wa mwisho. Ila daraja huweka kibao kabla hujapanda. Ninyi kibao mmekiweka katikati ya mto.

Na mnajua fika jinsi sisi wa magari-nyumba tunavyoishi na hizo tani 3.5. Aliyefaulu mtihani wa udereva Uingereza tangu mwanzo wa mwaka 1997 hupewa leseni ya kawaida inayokomea kilo 3,500. Watengenezaji nao huyabana magari haya yaingie humo humo, kisha yaliyobaki tugawane wenyewe. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza mtungi wa gesi, mama watoto, watoto, gunia la mchele na sufuria la pilau, kilo zimekwisha kabla hujaondoka Leicester. Ukining'iniza baiskeli mbili nyuma, na urefu nao umeongezeka. Gari lililopita uzito ulioidhinishwa linavunja sheria barabarani, na ninyi mnayo haki ya kulikataa. Mteja anaweza kuwa na bima kamili akiwa na sufuria tupu, na asiwe nayo pilau likiiva.

Naomba pia nikupongeze kwa hekima ya robo maili. Mkataba wa bei ya chini haumsaidii mteja ambaye gari limemgomea nyumbani, au ndani ya robo maili kutoka mlangoni kwake. Ni kama mita 400. Kwa mtu anayeendesha kila siku kwenda kazini, jambo hili linavumilika. Lakini gari-nyumba hulala kuanzia Novemba mpaka Machi mbele ya nyumba, likinyeshewa, betri ikinyonywa taratibu na king'ora na saa. Asubuhi ya kwanza ya jua ukizungusha ufunguo, linakohoa mara moja na kunyamaza. Pahali ambapo gari la aina hii lina nafasi kubwa ya kugoma ni pale pale mlangoni, na pale mlangoni ndipo mlipopatoa katika bei ya msingi na kupauza kando. Aliyebuni mpango huo anastahili nishani, ila aipokee nje ya robo maili.

Tairi nalo lina hadithi yake. Magari-nyumba mengi siku hizi hutoka kiwandani bila tairi la akiba. Badala yake unapewa chupa ya dawa ya kuziba pancha, ambayo haina la kufanya tairi likichanika ubavuni. Mkataba wenu unanitaka niwe na tairi la akiba lililo zima. Nisipokuwa nalo, sina budi kulipia kuvutwa mpaka kwa muuza matairi. Kwa hiyo kiwanda kimeniondolea tairi ili kuokoa kilo, nanyi mnanitoza faini kwa kutokuwa nalo.

Mkataba unaniahidi pia gari dogo la kukodi ili niendelee na safari. Ahsante sana. Nitapanda mimi, mke wangu, watoto, magodoro, jiko na kile choo.

Kuhusu ng'ambo, nimeona mnauza ulinzi wa Ulaya nzima. Hamkusema kwamba kwenye barabara kuu za kulipia za Ufaransa, gari linalokuja kukuvuta ni la kampuni iliyoidhinishwa huko huko, kwa bei iliyopangwa na serikali. Unapiga simu ya rangi ya chungwa kando ya barabara au namba ya dharura 112, unavutwa, unalipa, unatunza risiti, kisha ndipo ninyi mnaanza kazi. Mtu akijua hivyo kabla ya kupanda feri pale Dover, anabeba pesa. Asipojua, anakaa ukingoni akiwasubiri ninyi, nanyi hamtakuja, wala hamruhusiwi.

Mheshimiwa, biashara yenu ina historia ya heshima. Chama cha wenye magari cha AA kilipoanzishwa mwaka 1905, kazi ya watu wake wa doria ilikuwa kuwaonya wenye magari kuhusu mitego ya polisi ya mwendo. Baadaye ukawa utaratibu wao: mtu wa doria akikupigia saluti, endelea, asipokupigia, simama umwulize, maana mbele kuna jambo. Onyo lilikuwa katika kile asichokifanya. Nanyi mmeurithi utaratibu huo vizuri: tangazo lenu linamkumbatia kila mtu, na hatari yote iko katika yale lisiyoyauliza.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kutaja bei, ulizeni vitu vitano: uzito, urefu, kimo, kama lina tairi la akiba, na linalala wapi wakati wa baridi. Kama jibu ni kwamba hamliwezi, semeni hamliwezi, niende kwa anayeliweza. Wapo wanaouza bima iliyoshonwa kwa kipimo cha magari haya, na bei yao, ingawa imepanda kidogo, inatajwa na mtu aliyekwisha kuliona lori lake la kuvutia.

Wako mtiifu,
Mwenye gari siku ya kulipa na lori siku ya kuokolewa.

Nakala: Wenye magari-nyumba wote. Lipakieni gari kama mnaosafiri, mkalipime kwenye mizani. Pimeni urefu pamoja na baiskeli, na kimo pamoja na kila kilichofungwa juu ya paa. Pelekeni vipimo hivyo kwa kampuni, mdai jibu la maandishi kwamba italivuta. Ukishanunua bima, una siku 14 za kubatilisha, basi usome mkataba ndani ya siku hizo. Wakikataa kuja na haki ni yako, lalamika kwao kwanza. Wiki nane zikipita bila jibu la mwisho, peleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha. Huko hutozwi hata senti.