Nissan Haijai

Washairi wetu wamelisifu jahazi, wakamsifu hata punda, lakini matatu yetu, Nissan, hawajaigusa. Naomba niifute aibu hiyo mimi, niliyebebwa kati ya Londiani na Kericho miaka mingi hadi magoti yangu yakaota sugu. (Nyingi ni Toyota. Sisi tunaziita Nissan, nazo zinaitika.)

Sifa yake kuu ni ukarimu. Ubavuni imeandikwa abiria 14, lakini huo ni unyenyekevu tu, kama wa tajiri anayesema ana vijisenti. Pale makutano ya Londiani nimemwona wa kumi na tano akikalishwa kwenye ubao uliolazwa kati ya viti viwili, wa kumi na sita akipakata mtoto asiyemjua, wa kumi na saba akiinama mlangoni, makalio nje yakipigwa na ukungu wa Mau, na makanga bado anaapa kwamba kimebaki kiti kimoja. Siku moja nilihesabu watu 21, kuku kando. Mama mwenye viazi alipouliza atakaa wapi, akajibiwa, "Songa tu, mathe, gari ni mpira." Humo Mkipsigis, Mkikuyu, Mkisii na Mluo hubanana mpaka hujui goti ni la nani, wala haikuundwa tume yoyote ya maridhiano.

Ukarimu huo una sayansi yake. Wamarekani, wenye gari za jamaa hii za abiria 15, walichunguza wakakuta kwamba zikibeba watu 10 au zaidi, hatari ya kupinduka hukaribia mara tatu ya zile zenye watu wasiofika 5. Uzito hupanda juu na kurudi nyuma. Wao hawakuhesabu magunia ya viazi na kitanda cha bibi harusi juu ya keria. Basi Nissan huinua pua kwa majivuno, usukani ukawa mwepesi, na kwenye kona abiria wa kiti cha nyuma hukumbuka sala zote alizofundishwa utotoni.

Sifa nyingine nazipitia mbio. Mikanda tuliyoletewa na sheria za Waziri John Michuki mwaka 2004 ingali kazini: inafunga mlango. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa hakisumbui mtu. Tena Nissan hufundisha hesabu. Kwenye kizuizi askari huchungulia dirishani, akaona vichwa 19, akahesabu 14. Makanga hushuka wakapeana mkono, mkono wa askari ukaingia mfukoni, jumla ikatimia. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba gari hizi zitaanza kuondolewa barabarani. Nilisoma habari hiyo nikiwa ndani ya mojawapo.

Sasa niache mzaha kidogo. Jioni ya Ijumaa, 30 Juni 2023, Nissan hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimesimama kando ya lami pale makutano ya Londiani, zikingoja kujaa, maana ndipo abiria walipo. Lori likapoteza mwelekeo, likazoa matatu, bodaboda na akina mama wa mboga. Zaidi ya watu 50 wakafa. Wakubwa wakaja na pole zao, kisha Waziri wa Barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Wachuuzi! Utadhani mama wa kabichi ndiye aliyeshika usukani. Soko lile la kando ya barabara halikuota usiku mmoja. Misafara ya wakubwa hao hao ilikuwa ikilipita mchana kweupe.

Na idadi ya waliokufa ikatolewa bila kupunguzwa, maana mochari hakuna 19 wanaoitwa 14. Kule kila mtu ana namba yake. Ingekuwa heri hesabu ya namna hiyo ifanywe kwenye kizuizi, tukiwa bado tunapumua.

Jumatatu napanda tena, sina gari. Nawe ukipanda, kaa mbele ya tairi la nyuma, funga mkanda kama upo, na akiingia wa kumi na tano sema neno. Abiria wenzako ndio watakaokuwa wa kwanza kukuzomea kwamba unawachelewesha. Mimi niliposema, nilishushwa Chepseon, mvua inanyesha, na nauli sikurudishiwa.