Mvua Isiyotarajiwa ya Kericho

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 inaruhusu kandarasi ya dharura bila zabuni ya wazi, mradi dharura yenyewe haikuweza kutabirika wala haikuletwa na uzembe. Sasa tuulizane: Kericho na Bomet, ambako makampuni yalipanda chai tangu miaka ya 1920 kwa sababu mvua hainyimani, ni nani anayeshangazwa na mvua? Ni greda ya kandarasi ya dharura peke yake, ambayo hupigwa na butwaa kila masika. Hufika barabara ikishakatika, ikakwangua tope, changarawe ikamwagwa kando ya mtaro ulioziba, picha zikapigwa, kisha mvua ya alasiri ikaibeba changarawe yote bondeni.

Wapo watakaosema mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hayakuwa ya kawaida. Kweli, na daraja lililozolewa na mto halingoji zabuni. Lakini kalvati lililoziba tangu kiangazi si kazi ya mbingu. Fedha nazo si kisingizio: Julai mwaka huohuo ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta, na wabunge na magavana wakaufuata hadi kortini wakigombania nani aushike. Mkulima naye yuko kwenye kituo cha kukusanyia chai, lori la kiwanda limekwama mteremkoni, majani yanapata joto na kuwa mekundu guniani. Karani atayakataa, bila kumuuliza kama alitabiri.