Kitambaa Kitakaa Wapi?

Ukifika Kariakoo siku hizi ukaulizia redio yenye CD, hutatajiwa bei kwanza. Utatazamwa. Kijana wa dukani ataanza na mvi zako, atashuka hadi kwenye viatu, kisha atakuuliza kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa: "CD kabisa, mzee? Si uchukue sabufa yenye blutuuthi?" Ukishikilia kwamba ni CD, tena redio yenyewe iwe ya kubebeka, yenye mshikio, itumie umeme na betri, atamwita mwenzake aliye stoo. Mwenzake atatoka, si kuleta redio, bali kuja kukuona.

Shida haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mkwe. Alitoka Tanga kuja kumwona mjukuu, akabeba kopo la biskuti lisilo na biskuti. Ndani zilijaa CD: taarabu, mawaidha, maulidi, harusi za watoto wa ndugu zake, na muziki wa dansi wa Tanga ya enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, alionakiliwa na kijana mmoja wa jirani kule Ngamiani. Redio yake ya zamani fundi alikwisha kuikatia tamaa. "Amesema lenzi imekufa," alinieleza baada ya salamu. "Nikamwambia basi nipe nikaizike, mbona bado unadai pesa?" Kisha akanigeukia vizuri. "Sasa baba, nimekuja unichagulie nyingine. Ila tutakwenda wote."

Sentensi hiyo ya mwisho wenye wakwe wataielewa. Mahari nilishamaliza kulipa, kumbe kuna riba.

Mtaa wa Msimbazi hatukufika mbali, winga akatudaka. Kwa wasomaji wa mikoani: winga ni kijana asiye na duka ila maduka yote ni yake. Anakupeleka anakojua, anasema kwa niaba yako na kwa niaba ya mwenye mali, na kati ya bei hizo mbili ndipo kilipo chakula chake cha mchana. Wa kwetu alimwita mama mkwe "bi mkubwa" na mimi "bosi", akaapa kwamba redio yenye CD inapatikana duka moja tu Kariakoo nzima. Njiani tulipita maduka matatu yaliyozipanga dirishani. Alipita akizikinga kwa mgongo wake, akituonyesha magari upande wa pili.

Redio ya kwanza kuwekwa kaunta ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye spika mbili zilizozungukwa na taa za kubadilika rangi. Juu ya boksi waliandika kwa herufi za dhahabu: PMPO 3000W. "Wati elfu tatu, bosi. Ukiiwasha Magomeni, wanacheza Ilala." Nina tabia moja ambayo mke wangu haipendi: nageuza vitu nyuma. Nyuma ya redio palikuwa na kibandiko kidogo cha rangi ya fedha. Kibandiko cha nyuma hakina sababu ya kudanganya, maana hakuna anayekisoma. Kilisema redio hiyo inatumia umeme wa wati 18. Yaani inakula 18, inatoa 3000. Ingekuwa kweli, nchi haikuwa na haja ya kuhangaika na Bwawa la Nyerere kule Rufiji, la megawati 2115. Tungeagiza redio laki saba na elfu tano, tukaunganisha nyaya, tukalala.

Hiyo PMPO ni namba ambayo kila mtengenezaji huipata kwa njia anayoipenda. Hakuna kipimo kimoja wanachokifuata. Namba yenye ukweli ni ile iitwayo RMS, nayo kwenye redio za kubebeka huwa wati chache tu, ndiyo maana huandikwa ndani ya kijitabu na si juu ya boksi. Nilimwonyesha winga kile kibandiko. Akasoma 18, akafikiri kidogo, akasema: "Ndiyo uzuri wake, bosi. Haili umeme."

Ya pili ilikuwa mtumba wa Japani, na hiyo moyo wangu uliipenda. Jina la kampuni lilikuwa lenyewe, si lile linalokaribia kuwa lenyewe kwa herufi moja ya ziada. Mlango wa CD ulifunguka polepole, bila kelele, kwa heshima. Lakini redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani ina mambo yake. Umeme wa kwao ni volti 100, wetu ni 230, kwa hiyo bila kifaa cha kupunguza umeme, ukiichomeka ukutani itakuimbia mara moja tu, na wimbo wenyewe ni moshi. Jambo la pili wenye magari wanalijua tangu zamani: FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio zao nyingi za zamani huishia 90, ilhali yetu ni 88 hadi 108. Sehemu tunayokutana nao ni nyembamba mno. Winga alizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, redio ikatoa mvumo mmoja usiobadilika. "Hapa maghorofa yanaziba," akasema. Mama mkwe akainamisha sikio, akasikiliza ule mvumo kwa makini yote. "Basi mwanangu," akamwambia, "ungetuuzia na nyumba hukohuko Japani."

Tukahamia duka jingine, winga yuleyule. Hapo tukaipata ya kijivu, mpya, ya kiasi, yenye CD, kaseti, USB na mshikio wa maana. Mama mkwe akafungua kopo, akatoa CD ya taarabu. Kijana wa duka akaiweka, akafunga, akabonyeza. Kioo kidogo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna CD. "CD yenu hii mbovu," akasema, akairudisha kwa ncha za vidole.

Mama mkwe wangu unaweza kumwambia mengi, lakini si hilo. "Mbovu? CD hii imechezwa harusini wewe ukinyonya!" Nikaomba kuufungua mlango. Chini, pale ilipo lenzi, palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kinachowekwa kiwandani ili vitu vya ndani visichezecheze safarini. Kimechorwa mshale mwekundu na maneno ya kukitoa kabla ya kutumia, kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Kilipotolewa, taarabu ikaanza papo hapo. Mama mkwe hakusema neno. Alimtazama yule kijana mpaka kijana akaiomba radhi CD.

Sasa lile kopo. Wauzaji hawasemi, lakini ugomvi mwingi kati ya redio na CD chanzo chake kimo ndani ya kopo lenyewe. Mlikuwa na makabila manne. Kulikuwa na za dukani za muziki mtupu, hizo hazina neno. Kulikuwa na za kunakili kwenye kompyuta, ambazo redio hii huzisoma na ile huzikataa, kwa kuwa hazirudishi mwanga vizuri kama zilizochapwa kiwandani. Kulikuwa na zilizojazwa nyimbo mia na ushee za MP3, ambazo hutaka redio inayoijua MP3. Na lile kabila kubwa kuliko yote: VCD na DVD za harusi. Hizo redio ya CD haizichezi hata ikipigiwa magoti.

Tukasimama kaunta tukijaribu moja baada ya nyingine. Nilidhani nyuma yetu pamepangwa foleni, kumbe ni watazamaji. Kila harusi ilipokataliwa, mama mkwe aliitolea maelezo.

"Hata hii ya Mwanahamisi imekataa?"

"Hiyo ni DVD, mama."

"Si ajabu. Na ndoa yenyewe haikukaa."

Jambo jingine nililigundua nikiwa nazishika. CD zote ameziandika upande wa juu kwa bolpeni, kwa nguvu, herufi kubwa: MALI YA BIBI, HAIAZIMWI. Watu huulinda upande wa chini unaong'aa na kuudhulumu wa juu, wakati muziki umelala karibu kabisa na upande wa juu, chini ya utando mwembamba wa rangi. Wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja ya kuukinga. Bolpeni ya mama mkwe ilikuwa imezuia waazimaji, na baadhi ya nyimbo. Tena CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho hukaa ukingoni, pale vidole vinaposhika na ubuyu unapoganda. Ndiyo maana ukoo mzima wa mke wangu hakuna anayejua ile CD ya maulidi inaishaje. Haya nilimnong'oneza mke wangu jioni. Mkwe haambiwi.

Redio ya kijivu ilikuwa pia na kitufe cha kubadilisha mlio: Pop, Rock, Classic, Jazz. Taarabu haimo. Mama mkwe aliposomewa ile Jazz akachangamka. "Kumbe wanawajua Atomic!" Sikumkatiza. Tukaweka CD ya kijana wa Ngamiani, nikabonyeza Jazz, na magitaa yakatoka safi kabisa, kwa hiyo huenda wanawajua.

Bei ilikwisha kukubaliwa. Winga ameshahesabu chakula chake, na nadhani cha jioni pia. Ndipo mama mkwe akaizunguka redio kwa macho, akafungua mlango wa CD, akaufunga, akaufungua tena, akauliza:

"Sasa kitambaa kitakaa wapi?"

Nyumbani kwake redio haikai uchi. Huvishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Juu ya kitambaa hukaa chombo cha maua ya plastiki, na kando ya maua picha ya mjukuu aliyevaa joho la kuhitimu. Philips walipoleta kaseti mwaka 1963 na redio kaseti zikafuata, mlango ulikuwa mbele, na kitambaa hakikuguswa na mtu. Mwaka 1982 ikaja CD, ya Philips haohao wakishirikiana na Sony, na ilipofika zamu ya kuitia kwenye redio ya mkononi, mlango ukapandishwa juu. Sababu wanayo: kisahani cha sentimita 12 hukaa vizuri kikilala bapa, na trei ya kutokea mbele hutaka mota na meno yake, navyo ni gharama. Lakini matokeo ni kwamba kila ukitaka kubadilisha CD, uondoe maua, umwondoe mhitimu, ukunje kitambaa, ndipo ufungue.

"Si uache tu kitambaa, bi mkubwa?" alisema winga. Mpaka hapo tulikuwa tukimwona mwerevu.

Mwenye duka, mtu mzima, alielewa haraka. Akatoa nyingine yenye trei ya mbele, nzuri, ila ni ya mezani: haina mshikio wala sehemu ya betri. Mama mkwe akashangaa. "Umeme ukikatika katikati ya wimbo, atakayeumalizia nani?" Ya kijivu ina nafasi ya betri kubwa nane, na hapo ndipo nilipotia neno langu, kwamba CD huzimaliza betri upesi kuliko FM kwa kuwa kuna mota ya kuzungusha. Mama mkwe aliniangalia kwa huruma. Betri, baba, zitakuwa zinatoka kwako.

Basi akaichukua ile ya kijivu, lakini si kwa bei niliyoipigania mimi. "Punguzeni," aliwaambia. "Mmenivunjia kitambaa." Mwenye duka akacheka, akapunguza, akapunguza tena. Hoja zangu zote za wati na megahezi hazikuwa zimeshusha hata shilingi. Winga akabaki anatazama chakula chake kikiondoka mbele ya macho, mpaka mama mkwe akampa ya soda na kumwombea mke mwema.

Habari kutoka Tanga ni kwamba amefuma kitambaa kipya chenye dirisha la mviringo katikati, kipenyo cha mlango wa CD, na majirani wameanza kumwagizia. Mhitimu amehamishiwa juu ya friji. Zile DVD za harusi zinaning'inia bustanini kwenye mchicha, zinafukuza ndege, na ya Mwanahamisi ndiyo inayong'aa kuliko zote.

Kwa hiyo ninyi wa viwandani, kama bado mnazitengeneza: mlango uwe mbele, na kile kibandiko cha nyuma msikiondoe. Na wewe unayekwenda Kariakoo wiki hii, beba CD zako mwenyewe, ya kwanza kujaribiwa iwe ile mbovu kuliko zote, angalia kama ile karatasi imetolewa, na kitambaa ukipime kabla ya kutoka nyumbani.