Uainishaji wa Maneno Yaliyojificha katika Vitabu Kuukuu vya Kitale na Bungoma

Wauza vitabu kuukuu wa Kitale, na wenzao wa Bungoma, hutandaza gunia kando ya barabara na kupanga juu yake kila kilichowahi kutahiniwa: riwaya zilizong'oka jalada, kamusi zinazoanzia herufi D, miongozo ya riwaya zile zile. Watu wa kawaida hununua wasome. Sisi wa taaluma ya maneno fiche tunapekua tu. Na kwa kuwa kila taaluma huanza kwa kugawanya vitu ambavyo havikuomba kugawanywa, tugawanye.

Tabaka la kwanza ni maneno ya tumboni, yaani neno lililomezwa zima na neno jingine. Lina wafuasi wengi, hasa saa saba mchana. Kisima cha Giningi, riwaya ya Mohamed Said Abdulla ya mwaka 1968, ina sima katika neno la kwanza na ini katika la mwisho. Bwana Msa wa riwaya hiyo, pamoja na upelelezi wake wote, alipitwa na chakula. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert yasikitisha kidogo: ndani ya mkulima yumo kuli. Mkulima yeyote wa Trans Nzoia aliyewahi kujishushia mwenyewe magunia ya mahindi kwenye ghala la nafaka atalithibitisha hilo bila kufungua kitabu. Hata miji imo. Bungoma imeficha ngoma, ingawa Agosti ya mwaka shufwa, Wabukusu wanapotahiri, haihitaji mtaalamu kuigundua.

Tabaka la pili ni maneno ya mpakani, nami nayaita ya Lwakhakha kwa heshima ya mpaka wa Bungoma na Uganda: mguu mmoja huku, mwingine kule. Hapa Kiswahili kina utajiri wa kutisha. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hivyo ukiziba nafasi kati ya maneno, mshono hauonekani. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, ya Mohamed Said Abdulla, mwaka 1960. Futa herufi tatu za mwanzo, sogeza nafasi, kisha usome: muwa watu wakale. Naam, waende wakale! Na hayo yalichapwa miaka 15 kabla ya Kampuni ya Sukari ya Nzoia kuanzishwa Bungoma.

Mlinzi wa mpaka huu ni mkazo, unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka mzimu wa: mkazo uko kwenye zi. Tamka muwa: umehamia mu, na sikio limekwisha mkamata mhamiaji. Lakini wa Kale na wakale yote mawili hukaza ka. Hapo hata sikio la Mzanzibari halina la kusema, na ndiyo maana nakiweka kielelezo hiki juu ya vyote.

Tabaka la tatu, la kinyume, tulipite haraka. Ni ule mchezo wa watoto wa pwani wa kugeuza silabi. Kitale hutoa leta, na ki inayobaki haina mnunuzi.

La nne ndilo lenye ugomvi: maneno ya penseli, yaani yale ambayo wasomaji huandika pambizoni. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba kila dondoo limeficha kitu, na asipokiona hapati alama. Fungua nakala kuukuu ya Siku Njema ya Ken Walibora (1996), pale Kongowea aliyetoka Tanga anapomtafuta baba yake Kitale. Pambizoni mmoja ameandika sadfa. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: si sadfa, ni taharuki. Wa tatu, mwenye wino mwekundu, ameandika jazanda na kupiga mstari mara mbili. Hakuna aliyeona kwamba ndani ya Njema mna nje, ilhali kijana amevuka mpaka mzima. Wala hakuna aliyeona kwamba mwandishi mwenyewe amebeba sahani ya wali katika jina lake, tena bora.

Hukumu yangu ni kwamba maneno ya tumboni, hata yakiwa ya kipuuzi, yamo kwenye ukurasa na yanaweza kuguswa kwa kidole. Ya penseli mara nyingi yamo kwenye mwongozo tu.

Msomaji mwenye kielelezo kipya akilete, kwa masharti haya: asibadilishe mpangilio wa herufi, asidai kwamba mwandishi alikusudia, na neno la herufi mbili halihesabiwi.