Uliza Programu Kwanza: Vishikwambi Saba, Kuanzia Kilichoshika Mkia

Tangu Steve Jobs apande jukwaani San Francisco tarehe 27 Januari 2010 akiwa na iPad mkononi, ubishi wa vishikwambi haujapoa. Huyu anasifia kioo, yule anasifia betri, wa tatu anaapa kwamba chake ndicho chembamba kuliko vyote. Wote mnapendeza, ila wahenga walishasema nyumba njema si mlango. Unapolipia kishikwambi unalipia programu zitakazokaa ndani yake, duka zinakotoka, na miaka ambayo kampuni itaendelea kukihudumia. Hapa viko saba, nimevipanga kwa jinsi kila kimoja kilivyomtumikia aliyekinunua. Tunaanzia mkiani. Wenye presha, kaeni kabisa.

7. HP TouchPad (2011)

HP iliinunua kampuni ya Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, na humo ikapata mfumo wa webOS. Ulikuwa mfumo mzuri kwelikweli. Kila kazi uliyofungua ilikaa kwenye kadi yake. Unazipitia kwa kidole, na uliyoimaliza unairusha juu inapotea. TouchPad ikaingia sokoni Marekani tarehe 1 Julai 2011 kwa dola 499, bei ileile ya kuanzia ya iPad, lakini programu zilizoandikwa kwa ajili yake zilikuwa za kuhesabu. Tarehe 18 Agosti HP ikatangaza kwamba haitengenezi tena. Siku 49! Mama aliyejifungua siku ya uzinduzi, alipotoka arobaini alibakiwa na siku tisa tu za kukinunua kikiwa hai.

Bei ikaporomoka hadi dola 99, na hapo ndipo watu walipokigombania. Mafundi wa kujitolea wakahangaika mpaka wakakiwekea Android, maana kifaa chenyewe hakikuwa na ubaya. Kilichokosekana ni waandishi wa programu, na hao hata bilioni haziwaiti.

6. BlackBerry PlayBook (2011)

Hebu fikiria: BlackBerry, kampuni ya Canada iliyojenga jina lake juu ya barua pepe, inatoa kishikwambi chake cha kwanza Aprili 2011, na hakina programu yake ya barua pepe. Jamani! Ukitaka kusoma barua zako nje ya kivinjari, sharti uwe na simu ya BlackBerry uiunganishe nacho. Asiye na simu hiyo aangalie picha tu.

Barua pepe ilikuja Februari 2012, baada ya miezi kumi. Wakati huo mnunuzi alikuwa ameshahama na mizigo yake. Ukisikia muuzaji anasema "hiyo programu inakuja", mwambie na wewe pesa inakuja.

5. Microsoft Surface RT (2012)

Huyu alikuja na mwili wa heshima: mguu wa kusimamia mgongoni, tundu la flashi ubavuni, Word na Excel zikiwa ndani tayari. Kilizinduliwa tarehe 26 Oktoba 2012 kwa dola 499, kibodi ukijinunulia pembeni. Sura ilikuwa ya Windows, jina la Windows. Basi mhasibu anachomeka flashi yenye programu yake ya mahesabu aliyoizoea miaka yote, anabofya mara mbili, na kifaa kinamkatalia. Prosesa yake ilikuwa ya aina ya ARM, na programu za kawaida za Windows ziliandikwa kwa prosesa za aina nyingine. Kilichoruhusiwa ni kile tu kilichoko kwenye duka la Microsoft, na duka lenyewe lilikuwa na rafu tupu.

Julai 2013 Microsoft ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Tuwape haki yao lakini: ndugu yake, Surface Pro, aliyetoka mapema mwaka huohuo, alizifungua programu zote za Windows, na ukoo wake upo hadi leo. Kama kazi yako inahitaji Windows kamili, nenda kwa Pro. Ila usinunue jina la ukoo bila kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

4. Amazon Fire (2011 hadi leo)

Dola 199! Novemba 2011, bei hiyo ilitikisa soko zima. Na siri yake haikufichwa. Jeff Bezos alieleza mwaka 2012 kwamba Amazon inataka kupata faida pale mteja anapokitumia kifaa, na si pale anapokinunua. Maana yake vitabu, filamu na muziki kutoka dukani kwao. Baadhi ya matoleo yalikuja na matangazo kwenye kioo kilichofungwa, na ukitaka kuyaondoa uongeze dola 15. Hata kulala, kifaa kinalala kikiuza!

Kwa msomaji wa vitabu ni kifaa kizuri, nami nitakitetea popote. Lakini mfumo wake, ingawa umejengwa juu ya Android, hauna duka la Google. Programu unayoikuta kwenye simu yako huenda humo usiione. Wanaotaka Huawei wajue kwamba tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, vishikwambi vyake vipya navyo vinakuja bila huduma za Google. Kioo kinang'aa, kalamu ni safi, ila ulizia kwanza programu ya benki yako.

3. Android ya Samsung na wenzake (2010 hadi leo)

Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Galaxy Tab ya kwanza ilitoka 2010, inchi 7, ikiwa na Android 2.2 iliyotengenezwa kwa ajili ya simu. Jobs akaicheka Oktoba mwaka huo: vishikwambi vya inchi 7 vinapaswa kuuzwa pamoja na msasa, ili mtumiaji asugue vidole viwe vyembamba. Mwaka 2012 Google na Asus wakatoa Nexus 7 kwa dola 199, na mwaka huohuo Apple wenyewe wakatoa iPad mini ya inchi 7.9. Msasa hatukuuona ndani ya boksi.

Nguvu ya Android ni uhuru. Bei ziko za kila mfuko, modeli nyingi zinapokea kadi ya kumbukumbu, na faili unalihamisha kama unavyotaka. Galaxy Tab S nyingi zinakuja na kalamu yake, huongezi hata shilingi. Udhaifu wake ni programu za simu zilizovutwa kujaza kioo kikubwa: maandishi katikati, huku na huku uwanja mtupu wa kuchezea mpira. Google ilitoa Android 12L mwaka 2022 kurekebisha hali hiyo, na imesaidia. Ila kabla hujalipa, uliza kitapokea masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Hapo ndipo kishikwambi cha bei ya chee kinapoanza kukohoa.

2. iPad (2010 hadi leo)

Mashabiki wa Android, shusheni mawe. iPad imeshika nafasi hii kwa sababu waandishi wa programu waliiandikia yenyewe, kwa ukubwa wake, tangu mwanzo. Mchoraji anayetaka programu ya Procreate hana kishikwambi kingine ila iPad. Na umri wake unaheshimika: iPad Air 2 ya mwaka 2014 ilipokea mfumo mpya hadi iPadOS 15 ya mwaka 2021. iPad ya kwanza kabisa haikubahatika hivyo; ya 2010 hiyo, ilipofika 2012 ilishaachwa na iOS 6.

Basi ni malaika? Hapana! iPad ilikaa hadi Septemba 2024 bila kalkuleta ya Apple. Miaka 14, kifaa cha mamilioni, na ukitaka kujumlisha bei ya nyanya unatafuta programu ya watu wengine. WhatsApp yake rasmi ilifika Mei 2025. Na ile iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, ilikuwa na tundu la USB-C lakini ikitumia kalamu ya kizazi cha kwanza yenye kichwa cha Lightning. Kuchaji kalamu sharti upitie adapta. Kadi ya kumbukumbu hakuna, na nafasi ya ziada inalipiwa kwa bei inayouma. Nunua iPad ukijua programu gani unaifuata. Ukilifuata tofaa la mgongoni, umelipia tofaa.

1. Kishikwambi cha sensa (2019 na 2022)

Wee, tulia, sijapotea njia! Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake kwa tableti na kupata 47,564,296. Agosti 2022 Tanzania ikafanya vivyo hivyo na kupata 61,741,120. Karani anabisha hodi, anakaribishwa kiti, dodoso liko ndani ya kishikwambi. Anauliza, anagusa jibu, anaendelea na swali linalofuata, hodi nyingine.

Hakuna aliyeuliza kama kioo chake kinashinda cha jirani. Kimeshika namba moja kwa sababu mpangilio ulikuwa sahihi: kazi ilijulikana kwanza, programu ikaandaliwa kwa kazi hiyo, makarani wakafundishwa kuitumia. Vile sita hapo juu vingetengenezwa kwa mpangilio huo, tusingekuwa na hadithi za dola 99.

Baada ya sensa, Tanzania ilivigawa vishikwambi hivyo kwa walimu. Kazi ikabadilika, na swali likarudi upya. Mwalimu mwenye kishikwambi kilichofunguliwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ana vitabu vya kiada mkononi. Asiye na programu ya somo lake, wala bando la kuipakulia, anahitaji kusaidiwa navyo kwa bidii ileile tuliyomgawia kifaa.

Basi andika kazi tatu unazotaka zifanyike, na mbele ya kila moja programu yake. Fika dukani, omba kiwashwe, na uzitafute zote tatu kwenye duka la programu pale pale kaunta. Zikionekana zote, toa pesa kwa moyo mweupe. Ikikosekana moja, mshukuru muuzaji. Duka la jirani nalo liko wazi.