Sifa za Ukurasa Mbaya

Wamesifiwa masultani, yamesifiwa majahazi, na hata minazi imepata mashairi yake. Ukurasa mbaya wa daftari haujapata wa kuutetea. Nasema ule wenye tarehe iliyoandikwa mshazari, orodha ya mambo ya kufanya kwa kalamu ya buluu, na doa la chai pembeni. Leo nausimamia mimi.

Kwanza, ni wa ukoo bora. Ryder Carroll, mbunifu wa New York aliyeutangaza mtindo wa daftari la vitone mwaka 2013, tangu utotoni alikuwa na shida ya kukaza mawazo mahali pamoja, na alichobuni kilikuwa kikavu kama mkate wa jana. Kitone ni kazi, duara ni tukio, kistari ni maelezo. Kazi ikiisha, kitone kinapigwa mkasi. Ikihamishwa, kinageuzwa kishale. Mbele faharasa, kisha miezi ijayo, mwezi huu, siku ya leo. Basi.

Halafu wakaja wenye rangi. Fungua Instagram ujionee: kalamu za brashi, utepe wa washi, majedwali ya kuhesabu glasi za maji, saa za usingizi na hali ya moyo, kila hali na rangi yake. Jumapili nzima huisha katika kuchora wiki. Jumatano mwenyewe kalala bila kujaza, Alhamisi anaona haya kulifungua, na mwezi ukiandama ananunua daftari jipya.

Ukurasa mbaya hauna makuu hayo. Hauogopwi, maana hakuna cha kuharibu. Unaandikika ndani ya daladala, umesimama, mkono mmoja ukishika bomba. Tena una haki: wiki iliyochorwa visanduku huipa Jumapili ya kulala nafasi ileile ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi, lakini orodha kavu hurefuka siku ya pilikapilika na siku ya uvivu ikatosheka na mstari mmoja.

Anayedhani nazidisha chumvi aende duka la Mangi mtaani kwake, aombe kuona kaunta buku la mikopo. Jina, sukari nusu, kiasi, na mstari juu yake ukishalipa. Hamna ua lililochorwa humo wala jedwali la hisia, ingawa hisia zipo tele. Sasa muulize Mangi kama amewahi kusahau deni lako.

Uzuri mkubwa wa ukurasa mbaya lakini ni ukali. Kazi isiyofanyika sharti inakiliwe upya kwa mkono, mwezi hata mwezi. “Kumwita fundi wa paa” ukiinakili mara ya tatu mkono wenyewe unanung’unika: ama umpigie, ama uifute ukubali kunyeshewa. Kwenye ukurasa wenye mashada ya maua fundi huyo hujificha nyuma ya waridi hadi masika.

Pambo moja naliruhusu, kwa wenye mambo ya mbali: safu nyembamba za miezi pembeni, nukta chini ya mwezi husika, na jambo lenyewe mbele yake. Mistari michache hiyo, na rula si lazima. Mengine subiri uyakose kwanza. Ukipita mwezi hujakumbuka jedwali la maji, basi maji unakunywa, au hutaki kuambiwa.

Najua mtasema mwandiko wa haraka hausomeki. Nao ni neema. Ukikuta umeandika “mch.” na jioni usijue ulikusudia mchele, mchicha au mchango wa harusi, nunua mchele na mchicha. Kamati ya harusi itakupigia yenyewe.